Rampu ipo, lifti ipo, lakini je, mgeni anafanya kazi?

Makumbusho ninayofanyia kazi yanahusu maisha ya kazini. Vitu vilivyofungiwa kwenye vioo ni vichache. Mgeni anaketi kwenye cherehani akashona, anavuta mivukuto ya mhunzi, anapiga taipureta, anapokea simu za wateja wenye hasira, anaendesha winchi ya bandari. Anayetoka bila kugusa kitu ameliona jengo tu. Mimi ni mwongozaji hapo na natumia kiti mwendo, kwa hiyo uongozi ulipotafuta mtu wa kusimamia ufikivu kwa wageni wenye ulemavu, macho yote yaligeukia kwangu. Wenzangu kadhaa waliona hakuna kilichobaki cha kusimamia. Rampu ipo, lifti ipo, choo kipana kipo.

Na kweli vipo, tena vizuri. Mwinuko wa rampu yetu ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda imepewa sentimita kumi na mbili za urefu, kiwango kinachokubalika katika nchi nyingi. Ndani ya lifti kiti kinageuka bila kugongana na ukuta. Lakini ukishapita mlangoni, ukaingia ukumbini, ukafika mbele ya mashine, hapo ndipo wengi wetu tulipogeuka watazamaji. Mgeni asiye na ulemavu alikuwa anashona. Mwenye kiti mwendo alikuwa anatazama mwenzake akishona.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichobadilisha ni orodha yenyewe. Orodha ya zamani iliandika majina ya vituo: cherehani, karakana ya seremala, fuawe, ofisi. Mbele ya kila jina nikaandika vitendo. Kwenye cherehani: kukanyaga pedali, kuongoza kitambaa kwa mikono miwili, kutazama sindano. Kwa seremala: kusimama, kusukuma randa, kukaza jiliwa. Kisha kwa kila kitendo nikauliza ni nani anayebaki nje. Nilipomaliza ukurasa wa kwanza, hoja ya kwamba kazi ilishakwisha haikuwa na mtu wa kuitetea.

Vipimo ndivyo vilivyokuwa rahisi. Meza ikiwa na uwazi wa sentimita 70 hivi chini yake, magoti yanaingia na mtu anaikaribia kazi kwa mbele. Bila uwazi huo anaketi upande na kujipinda kiuno. Vishikio na vitufe tukavileta kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni, kwa sababu aliyeketi hafiki mbali zaidi ya hapo bila taabu. Mbele ya kila mashine tukaacha duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti. Watoto nao wakafaidika, na wazee ambao hawapendi kuinama.

Cherehani ilinifurahisha zaidi. Fundi wetu wa mitambo alitaka kubuni kifaa kipya cha kukanyagia. Nikamwambia, "Kaka, cherehani za kuzungushwa kwa mkono zilikuwepo kabla mimi na wewe hatujazaliwa." Tukaipata moja stoo, imejaa vumbi, tukaiweka pembeni mwa ile ya pedali. Hiyo ikatatua suala la miguu. Mwenye mkono mmoja bado alikuwa nje, kwa sababu mkono unaozungusha gurudumu ndio huo huo unaotakiwa kuongoza kitambaa. Ya tatu tukaifunga mota, na swichi yake inabonyezwa kwa kiwiko. Sasa zipo tatu kwa safu, na wageni wote wanazipitia moja baada ya nyingine kama historia ya cherehani. Hakuna kibao kinachosema hii ni ya walemavu. Nilikataa kibao hicho kwa nguvu, na nitaendelea kukikataa.

Hapo nikaanza kuuona mkondo ambao umeniongoza tangu wakati huo: majibu mengi yalikuwa tayari ndani ya karakana zenyewe. Watu waliofanya kazi hizi walikuwa na miili ya kila aina, na walibuni njia zao muda mrefu kabla ya sisi kuanza kuitisha vikao.

Ukumbi wa viwanda vya nguo ndio uliothibitisha. Kulikuwa na kituo cha kelele: unavaa vipokea sauti, unabonyeza kitufe, unasikia mashine za kufumia kwa sekunde kadhaa, kisha unasoma kwamba sauti inayozidi desibeli 85 kwa saa nane za kazi kila siku inahatarisha masikio. Tukakialika kikundi cha viziwi wakijaribu. Dada mmoja akavaa, akabonyeza, akavua, akauliza kwa lugha ya alama, "Haya, kisha?" Mkalimani akatafsiri huku akizuia kicheko. Kituo kizima kilikuwa kinaeleza jinsi kazi inavyomfanya mtu asisikie, na asiyesikia hakikuwa na la kumwambia.

Tulichokifanya kilitoka kwa wafumaji wenyewe. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, mngurumo wa mashine ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wafanyakazi walizoea kusemezana kwa midomo, wakikuza umbo la kila neno na kuongeza ishara za mikono. Kwa hiyo tukavua vipokea sauti. Wageni wawili wanasimama kwenye jukwaa la mbao linalotetemeka, taa inapanda kuonyesha kiwango cha desibeli, na mmoja anapewa kadi yenye ujumbe wa kazi: uzi umekatika mashine ya pili, mwite msimamizi. Amfikishie mwenzake aliye ng'ambo ya ukumbi. Wanaosikia hupiga kelele, hukunja uso, hukata tamaa. Viziwi humaliza kabla taa haijafika juu. Nimeona wageni wanaosikia wakiwafuata kuomba wafundishwe. Kwenye jengo letu lote hakuna kituo ninachokipenda kama hicho.

Kuna jambo la kelele ambalo halionekani kwenye vipimo. Mwenye shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, huumizwa na sauti ya ghafla, maana kifaa huikuza. Mtu mwenye usonji anaweza kuharibikiwa siku nzima kwa mlio mmoja asioutarajia. Vituo vyetu vingi vilikuwa vinawaka vyenyewe mgeni akipita mbele ya kihisio. Tukaviondoa vihisio, sasa mgeni ndiye anayeamua sauti ianze lini na ikome lini. Taa za karakana ya kuchomelea vyuma zilikuwa zikimulika harakaharaka kuiga cheche, na hilo ni hatari kwa mwenye kifafa. Miongozo ya usalama wa picha za skrini inataka mmweko usizidi mara tatu kwa sekunde. Tukaamua kutumia mwanga unaopanda na kushuka taratibu, na watu bado wanaelewa kwamba ni uchomeleaji. Kwenye sehemu ya mapokezi na chumba cha filamu tukatandika waya wa kupeleka sauti moja kwa moja kwenye shimesikio lenye koili ya kuipokea. Kazi hiyo ilikuwa ya mafundi umeme. Mimi nilisumbua tu mpaka ikaisha.

Kwa wasioona, ubishi ulikuwa juu ya kugusa. Mtunza vifaa wetu aliogopa jasho la vidole kwenye chuma cha zamani, na hoja yake ni ya kweli. Tukagawa: vitu halisi vilivyo dhaifu vikatengenezewa mfano wa ukubwa ule ule na uzito ule ule. Uzito una maana kubwa kuliko nilivyodhani. Nyundo ya plastiki haikwambii chochote kuhusu mhunzi. Mashine kubwa zinasimamishwa kabisa, umeme unakatwa, kisha mgeni anaanza na umbo zima kabla ya vipande: mikono inapita ukingoni mwote, ndipo inarudi kwenye gurudumu, mkanda, sindano. Ukimwanzisha na sindano anapotea.

Maelezo yakaandikwa pia kwa nukta nundu, na kwenye banda la fundi ngozi ndipo nilipotaka kisa kimoja kisomwe kwa vidole. Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809, alikuwa mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alichezea kifaa chenye ncha kali cha karakana ya baba yake, kikamjeruhi jicho, na maradhi yakaenea hadi jicho la pili. Mfumo wake wa nukta aliuchapisha mwaka 1829. Pale bandani pana msharasi wa kushika, yaani kifaa cha kutobolea ngozi, ncha yake imefutwa makali, na maelezo yako pembeni.

Nilidai visa vya namna hii viingizwe kila ukumbi, kwa sababu makumbusho yetu yalikuwa yamejaa wafanyakazi na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ulemavu. Taipureta? Mojawapo ya mashine za kwanza kuuzwa ni ile ya Rasmus Malling-Hansen wa Denmark, mchungaji aliyeongoza shule ya viziwi mjini Copenhagen, aliyeipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1870. Kiti mwendo chenyewe? Stephan Farffler, fundi saa wa Ujerumani asiyeweza kutembea, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu mwaka 1655 akakiendesha kwa mikono. Kile kinachokunjwa kilitoka miaka ya 1930 kwa Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyeumia mgongo mgodini, na rafiki yake Harry Jennings. Ajali za kazini tulikuwa tunazieleza kwenye ukumbi wa usalama. Aliyenusurika na kurudi kazini hatukuwa tunamtaja.

Pesa ilileta mvutano. Mwanzoni uongozi ulitaka vikundi vya wajaribu waje kwa kujitolea, wapewe tiketi na shukrani. Nikasema siwezi kumwita mtu asiyeona akague kazi yetu mchana kutwa, bila malipo, ndani ya jengo lenye ukumbi mzima unaosimulia watu walivyopigania ujira. Nikawasomea na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 30 inataja makumbusho waziwazi miongoni mwa mahali panapopaswa kufikika, na ibara ya 27 inahusu haki ya kufanya kazi. Makumbusho ya kazi yanabanwa na zote mbili. Wajaribu wakalipwa. Wawili kati yao sasa ndio wanaowafunza waongozaji wapya, na somo lao la kwanza ni kunyamaza: uliza kama msaada unatakiwa, ngoja jibu, weka mikono yako nyuma. "Ngoja nikufanyie, mama" imeharibu ziara nyingi kuliko ngazi.

Kilichobaki ni winchi ya bandari. Kibanda cha mwendeshaji kiko juu, kinapandwa kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima, na lifti haiwezi kuingia pale bila kubomoa mtambo. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuweka skrini chini inayoonyesha mandhari ya juu. Mzee mmoja mwenye magongo aliitazama skrini hiyo akaniambia, "Binti yangu, picha hata nyumbani ninayo." Tukarudi kwenye kazi ilivyo hasa. Mwendeshaji wa winchi mara nyingi hauoni mzigo wake. Anamtegemea mpiga ishara aliyesimama chini, na bila ishara hanyanyui kitu. Sasa kituo ni cha watu wawili: wa juu anashika vishikio, wa chini anatoa amri kwa mikono au kwa redio, na mzigo hautui mahali pake mpaka amri iwe sahihi. Mzee yule aliporudi alimwamuru mjukuu wake mpaka kijana akaomba kupumzika.

Ni kituo kizuri, lakini sijakiandika kwenye orodha ya vilivyokamilika. Kijana yule angeweza kushuka na kuwa mpiga ishara. Babu yake hana njia ya kupanda. Tumeomba mhandisi apime kama vishikio vya pili vinaweza kuwekwa chini, viendeshe mtambo ule ule na si mfano wake, na ripoti yake bado tunaisubiri.