Mshipi kwanza, rili baadaye: zana za kuvulia kwa chura wa mpira

Karibu kila mtu anayetaka kuanza kuvua kwa chura wa mpira, yaani chambo bandia chenye umbo la chura, hapa Kigoma huulizia rili, kile kifaa cha fimbo kinachokunja mshipi, kabla ya kitu kingine, kwa kuwa rili ndiyo inayong'aa dukani na ndiyo yenye bei kubwa. Mimi humrudisha kwenye mshipi. Katika uvuvi huu samaki havutwi peke yake. Huvutwa pamoja na mzigo wa majani aliyojizungushia mara tu alipohisi ndoana, na kinachoubeba mzigo huo wote tangu sekunde ya kwanza ni mshipi. Ukishajua mshipi unaoutaka, fimbo utaichagua kwa kuufuata, na rili itakuja mwisho bila kukusumbua sana.

Uvuvi huu umekuzwa zaidi na wavuvi wa Marekani na Japani wanaomwinda bass mwenye mdomo mpana, Micropterus salmoides, samaki anayejibanza kivulini chini ya majani ya mayungiyungi na kukirukia kitu chochote kinachopita juu yake. Kwetu bass hayupo. Majirani zetu wa Kenya walimpandikiza katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini Tanganyika ni ziwa lenye samaki wengi wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na ningeumia sana kumsikia mtu akifikiria kuleta humu mlaji mgeni. Kwa bahati njema hatuhitaji kumleta. Chini ya Ilagala, pale Mto Malagarasi unapotawanyika kabla ya kuingia ziwani, kuna mafunjo, matete na majani yanayoelea ambayo hakuna chambo chenye ndoana wazi kinachoweza kupita bila kunasa. Na ukienda juu zaidi, upande wa Nguruka, kuna maziwa ya Sagara na Nyamagoma, ambayo ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo anaishi kambare, naye chura ni chakula chake cha kawaida.

Kambare ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana hustahimili kukaa chini ya tandiko la majani mahali ambapo hewa ya majini imepungua na samaki wengine wamekimbia. Mvuvi mwenye chambo cha kawaida hawezi kumfikia hapo. Chura wa mpira anaweza, kwa sababu ana tumbo tupu linalomwezesha kuelea, na ndoana yake yenye ncha mbili imelala mgongoni, huku ncha zikitazama juu na kuegemea mwili laini. Mburute juu ya majani, hatanasa. Samaki akimbana mdomoni, mwili unabonyea na ncha zinatokeza. Mbano huo mfupi ndio unaoamua zana zote zinazofuata.

Sasa mshipi wenyewe. Chaguo langu ni uzi wa kusuka, ule unaotengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polithini zilizosokotwa pamoja, wenye nguvu ya ratili 50 hadi 65, yaani takribani kilo 23 hadi 29. Kiasi hicho humshtua mtu aliyezoea mshipi wa mkono, ambaye husema kwamba kambare wa Ilagala hana kilo 29, na kweli hana. Lakini mshipi huo haukununuliwa kwa ajili ya uzito wa samaki, umenunuliwa kwa ajili ya samaki pamoja na majani, na kwa ajili ya ule mkutuo wa ghafla unaolazimika kuutoa ili ncha zipenye. Nailoni ya kawaida hurefuka sana inapovutwa. Chura akiwa mita 25 mbele yako, sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako inaishia katika kuinyoosha nailoni hiyo, na ndoana inaguswa tu badala ya kusukumwa. Uzi wa kusuka haurefuki kwa kiasi cha kuhisika, hivyo unachokifanya kwenye fimbo kinafika kwenye mdomo wa samaki papo hapo.

Kuna sababu ya pili, ambayo watu wengi huipuuza. Polithini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo uzi wa kusuka huelea. Nailoni huzama polepole, na florokaboni, ambayo wauzaji huisifu kwa kutoonekana majini, ni nzito zaidi na huzama haraka. Mshipi unaozama humvuta chura pua chini, ukimnyima ile miondoko ya kushoto na kulia inayomfanya aonekane hai. Tena uzi wa kusuka ni mwembamba kwa nguvu zake: ule wa ratili 50 una unene wa milimita 0.36 hivi, karibu sawa na nailoni ya ratili 12. Ukivutwa kwa nguvu kwenye mashina laini ya majani ya majini, huyakata, wakati nailoni nene husukuma majani na kuyakusanya. Rangi haina uzito mkubwa hapa, kwa kuwa mshipi umelala juu ya majani na samaki yuko chini yake. Mimi hupenda kijani kilichokoza.

Uzi huu una masharti yake. Usiufunge moja kwa moja kwenye roda ya rili, yaani ile sehemu inayozungushiwa mshipi, kwa sababu ni laini na utateleza, na roda nzima itazunguka ndani ya mshipi huku ukidhani breki imeharibika. Tanguliza mizunguko michache ya nailoni, kisha unganisha. Kwenye chura tumia fundo la mshipi uliokunjwa mara mbili, lile ambalo kitanzi hupitishwa kwenye tundu la ndoana, hufungwa fundo la kawaida, kisha kitanzi hicho huvishwa juu ya chambo chote na kukazwa baada ya kuloweshwa kwa mate. Mafundo yanayoshika vizuri kwenye nailoni mara nyingi huteleza kwenye uzi wa kusuka. Usiukaze kwa kuuzungusha kwenye kidole kitupu, maana hukata nyama kama unavyokata majani.

Mshipi usiorefuka hauna huruma, na hapo ndipo fimbo inapoingia. Urefu unaofaa ni kati ya futi 7 na futi 7 na inchi 6, yaani mita 2.1 hadi 2.3. Fimbo fupi kuliko hapo haikusanyi mshipi wa kutosha unapokutua, na ndefu zaidi inachosha mkono na kugonga mafunjo ukiwa umekaa kwenye mtumbwi. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni nzito, lakini usiridhike na maandishi. Ishike dukani, mwombe mtu avute ncha kuelekea chini, uangalie inapindia wapi: theluthi ya juu ipinde kwa urahisi, kisha kuanzia hapo hadi kwenye mpini igome. Ncha hiyo laini si pambo. Ndiyo inayokuwezesha kumrusha chura wa gramu 14 hadi 18 pasipo kutumia nguvu nyingi, na ndiyo inayomchezesha kwa mitikisiko midogo ya kifundo cha mkono, wakati sehemu ngumu ya chini ndiyo inayomng'oa samaki. Fimbo ngumu kuanzia juu hadi chini, zile zinazouzwa kwa ajili ya kuvulia chini kwa risasi nzito, haziufai uvuvi huu hata ziwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu chura hataruka mbali na hatacheza.

Kagua pete zote. Chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete na ukizungushe. Nyuzi za pamba zikinaswa, pete ina ufa, na ufa huo utaula uzi wa kusuka mpaka siku ukatike mbele ya samaki mkubwa. Fimbo zilizotumika zinazoletwa kwa marobota huwa na kasoro hii mara nyingi kuliko kasoro nyingine yoyote, na ni kazi ya dakika moja kuigundua.

Kuhusu rili nina maneno machache. Ile ya roda iliyolala, inayozuiwa kwa kidole gumba, ndiyo bora, kwa sababu ina nguvu ya kuvuta moja kwa moja na inakuruhusu kumshusha chura kwenye uwazi mdogo kati ya majani. Uwiano wa gia uwe kama 7 kwa 1 au zaidi, yaani ukizungusha mpini wa rili mara moja, roda izunguke mara saba. Mwendo huo hautakiwi kwa ajili ya kumburuta chura haraka, maana yeye huendeshwa kwa fimbo. Unatakiwa kwa ajili ya kukusanya mshipi uliolegea kabla hujakutua na kumzuia samaki asirudi chini ya majani baada ya hapo. Breki ikazwe karibu mpaka mwisho. Asiyeipata, au asiye na muda wa kujifunza kidole gumba, atumie ile ya kawaida yenye roda iliyosimama, ya ukubwa wa 4000, yenye uzi wa kusuka wa ratili 40. Inafanya kazi, ingawa mkono utahisi tofauti pale kambare anapojikunja kwenye mashina. Fedha itakayobaki, ongeza kwenye mshipi.

Zana hizi zote hazitakusaidia ukikutua mapema. Kambare hapigi chambo kama bass. Mara nyingi hukigusa kwa sharubu, akakifuata, kisha akakinyonya kwa mlio mzito, na anayekutua kwa kusikia mlio humnyang'anya samaki chakula kabla hajakifunga mdomoni. Shusha ncha ya fimbo, kusanya ulegevu, subiri uhisi uzito, ndipo ukutue kwa mikono miwili. Fuvu lake ni gumu, kwa hiyo ncha za ndoana zinolewe, na mimi huzipanua kidogo sana kwa koleo ili zitoke nje ya mwili wa mpira kwa urahisi zaidi. Chura akianza kuelea upande upande, ameingiwa na maji: mwinue, mbonye tumbo, maji yatamwagika kupitia tundu la ndoana, na ataelea tena.

Pale unapoona wale samaki wawindaji wa jamii ya Hydrocynus, wenye meno yaliyochomoza nje, mwondoe chura ubadilishe chambo. Uzi wa kusuka hauyahimili meno yale, na ukiweka kipande cha waya mbele unaharibu uzani wa chura mwenyewe. Akishika kamongo, usimkaribishe mkono mdomoni kabisa. Ana sahani za meno zinazoponda makombe ya konokono, na koleo refu ndilo linalotakiwa kumfungulia.

Delta ya Malagarasi ina mamba na viboko, kwa hiyo sivui nikiwa nimesimama majini wala ukingoni gizani, na huondoka na mwenyeji anayejua mikondo ya siku hiyo. Leseni ya uvuvi wa burudani nayo isikosekane. Na kwa kuwa uzi wa kusuka hauozi, mita mbili za mwanzo zinazochakaa kwa kusuguana na majani huzikata kila nirudipo, nikazitia mfukoni na kwenda kuzichoma nyumbani, kwa sababu kipande kimoja kilichoachwa kwenye mafunjo kinatosha kufunga miguu ya ndege.