Kiti cha Maboksi Kilichonifungulia Kazi

Nilipoacha kufundisha chekechea hapa Kisumu ili nikamtunze mtoto mwenye mtindio wa ubongo kule Nyalenda, shangazi alinipigia simu kutoka Siaya. "Mwanangu, hiyo ni kazi ya huruma, na huruma hailipi karo. Nenda kasomee unesi." Miaka 11 imepita na nasema wazi: ulikuwa ushauri mbaya, na nakerwa nikisikia vijana wangali wanapewa huohuo.

Mtoto alikuwa na miaka 4. Alishinda amelala chali kwenye mkeka, na nyanya yake alimlisha vivyo hivyo, amelala. Kila mlo alipaliwa, kikohozi hakimtoki kifuani. Dada mmoja wa fizio, yaani tiba ya viungo, alinionyesha mambo mawili ambayo nayatumia hadi leo. Mtoto akikakamaa, miguu ikabanana kama mkasi, usivute magoti. Mkunje nyonga kwanza, polepole, na miguu italegea yenyewe. Na kijiko kitokee chini, kwenye usawa wa kidevu. Kikitokea juu, mtoto hutupa kichwa nyuma kukifuata, na uji huingia njia ya hewa.

Lakini ili ale vizuri lazima akae, na kiti maalum nilichotajiwa mjini kilikuwa cha mishahara yangu mingi. Ndipo nikakumbuka ufundi wa karatasi nilioonyeshwa kwenye semina, ule uliotokea Zimbabwe, wa kutengeneza viti kwa maboksi na gundi ya unga wa ngano.

Kiti cha kwanza kiliharibika kabisa. Ilikuwa Aprili, mvua haikatiki. Nilibandika matabaka yote kwa siku moja, nikaanika chini ya paa la nyuma. Nje kilikauka kikawa kigumu, nikafurahi. Ndani kilikuwa mbichi. Siku ya nne kikaanza kunuka, kikaota ukungu, na panya wakala pembe moja kwa sababu ya ule unga. Nilimkalisha mtoto hivyohivyo, sehemu ya kukalia ikabonyea, akalia. Nyanya akamchukua na kuniambia, "Nyathina (mwanangu), huyu si wa kufanyiwa majaribio." Alisema kweli, na sikulala usiku ule.

Cha pili nilikianza na tepu ya fundi cherehani. Nilimpima kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, goti hadi kisigino, upana wa nyonga, na kiwiko kinapofika akikaa wima, maana hapo ndipo meza inakaa. Nilitafuta maboksi ya ndizi sokoni Kibuye, yale mazito. Nilibandika tabaka mbili tu kwa siku, nikayalaza chini ya mawe, nikaacha yakauke ndani ya nyumba karibu na jiko, ndipo nikaongeza mengine. Usiwe na haraka hapa! Maungio nilifunika kwa vipande vya magazeti vilivyochanwa kwa mkono, si kwa mkasi, kwa kuwa ukingo uliochanika hushika na kulainika, ule uliokatwa hubanduka. Katikati ya sehemu ya kukalia niliweka kigingi kilichoviringishwa leso ili mapaja yasibanane. Mwishowe msasa, kisha vanishi mara tatu, na panya hawakurudi. Gharama yote ilikuwa kama mia nne hivi, nyingi ikiwa ya vanishi.

Siku alipokaa, nyanya alileta uji mzito na kijiko kidogo. Mtoto alimeza bila kukohoa. Kisha akageuza kichwa kutazama kuku waliokuwa wakipita mlangoni. Hakuwa amewahi kuwaona kwa urefu huo. Nyanya alikaa chini akaanza kulia, nami pia.

Baada ya hapo kina mama wa Manyatta na Obunga walikuja mmoja mmoja. Shule moja iliyokuwa na kitengo cha watoto wenye ulemavu ikanichukua kama msaidizi, na likizo za shule nikawa nasafiri kwenda KISE, chuo cha elimu maalum kilichoko Kasarani, Nairobi, kusomea elimu ya mahitaji maalum. Huko ndiko nilikoanza Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo katiba ya 2010 imeifanya moja ya lugha za Bunge. Ukiingia kazi hii, jifunze lugha hiyo mapema. Mimi ndiyo iliyonipandisha cheo kuliko karatasi nyingine yoyote.

Na ujue njia za ofisini, maana mzazi atakuuliza wewe. Mpeleke mtoto EARC, vituo vya tathmini vilivyoanza 1984, kabla ya kuzungumzia shule. Fuatilia kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkali iulizie Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ofisi moja ilinirudisha nyumbani mara tano kwa sababu ya muhuri mmoja. Mara ya sita nilikwenda na mtoto mwenyewe, tukakaa mbele ya dirisha hadi ukapigwa.

Yule mtoto sasa ana miaka 15, na kiti chake kimeshakaliwa na wengine watatu. Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Ahero alikuja na maboksi mgongoni, membamba, ya biskuti. Nimemtuma Kibuye akatafute ya ndizi, na Jumapili mchana tunampima binti yake.