Heller 20 za Tabora, 1916: kutenganisha makosa ya mtambo na majeraha ya mtaani

Wiki ya 1: kujua ya kawaida ikoje

Fungu lina sarafu 38 za heller 20, fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, zote za 1916 na zote zina T ya Tabora. Ziligongwa kwenye karakana ya reli, wakati meli za Uingereza zimefunga pwani na sarafu za Ujerumani haziingii tena. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Kazi ilikuwa ya haraka, kwa mihuri (vyuma vinavyogonga picha kwenye sarafu) ya kuchongwa kwa mkono. Ndiyo maana anayezipima kwa kipimo cha heller za kabla ya vita (ndizo zilizotuachia neno "hela") hupotea. Ukingo mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, picha iliyosogea kidogo, maandishi hafifu: kwingine hayo yangeitwa makosa, hapa ndiyo hali ya kawaida.

Nimezigawa kwanza kwa metali: shaba nyekundu 7, shaba njano 31. Kisha kwa mihuri. Upande wa taji kuna taji kubwa na taji dogo. Upande wa thamani, tazama ncha za L mbili za neno HELLER: zote zimechongoka, zote zimejikunja, au imejikunja ya pili peke yake. Hizo ni aina za mihuri tu. Anayeziuza kwa jina la "kosa" anamwonea mnunuzi.

Wiki ya 2: kupima

Lenzi ya kukuza mara 10, mizani ya sonara ya gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, na tochi moja. Tochi iwekwe chini, mwanga ulale juu ya sarafu. Ukimulika kutoka juu, mwinuko na mkwaruzo vinafanana. Sarafu zisioshwe. Ndimu na majivu hung'arisha shaba vizuri sana, na hapohapo hufuta ushahidi wote: rangi ya zamani ndani ya shimo ndiyo inayosema shimo lina umri gani.

Kipenyo ni kama milimita 29. Uzito umetawanyika: nyepesi kabisa gramu 9.8, nzito kabisa 12.6. Kwa hiyo wepesi peke yake si ushahidi wa chochote, maana unene wa bati lenyewe haukuwa sawa.

Kanuni iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ni hii: jeraha la muhuri hutoka kwenye sarafu likiwa limeinuka, jeraha la sarafu huwa limezama. Muhuri ukipata ufa, metali huingia ndani ya ufa na kuacha mstari ulioinuka. Sarafu 5 zina mstari wa namna hiyo kutoka ukingoni kuelekea kwenye taji, na tatu kati yake zina mstari uleule mahali palepale. Hapo hakuna shaka tena, ni muhuri mmoja. Mistari mingine 11 niliyoitilia shaka imezama, na ni mikwaruzo.

Herufi zinazokosekana zinahitaji subira. Grisi au uchafu ukijaa kwenye muhuri, herufi hufifia ghafla huku jirani yake ikibaki kali. Iliyolika mfukoni hulika pamoja na jirani zake, na sehemu zilizoinuka zaidi ndizo hutangulia.

Wiki ya 3: namba 14

Upande mmoja una 20 HELLER kama kawaida. Upande wa pili hauna taji: una 20 HELLER ileile, imezama na imegeuka kama kwenye kioo. Sarafu iliyotangulia ilinasa kwenye muhuri wa taji, na kisahani kilichofuata (kipande cha metali ambacho hakijagongwa) kikagongwa juu ya mgongo wake.

Kosa hili hughushiwa kwa kubana sarafu mbili kwenye jiliwa, kwa hiyo nimelikagua mara tatu. Kwanza, picha iliyozama lazima iwe ya upande uleule ulioinuka nyuma. Thamani kwa thamani, sawa. Pili, chini ya picha iliyozama kusiwe na mabaki ya taji. Hakuna hata mstari. Tatu, upande mzima usiwe umebapazwa. Ncha za L bado ni kali na zinashika kivuli cha tochi. Picha iliyozama ina ukubwa sawa na ya kawaida, maana yake kisahani hiki kiligongwa mapema baada ya ile kunasa. Vinavyofuata hupata picha pana na yenye ukungu, kwa sababu sarafu iliyonasa huzidi kutanuka kila pigo.

Namba 14 imetoka kwenye mfuko wa plastiki laini, ambao huotesha kutu ya kijani kwenye shaba, na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi.

Yanayosubiri

Namba 22 ina upande uliomegwa kwa umbo la mwezi mchanga, gramu 10.1. Kisahani kikikatwa juu ya tundu la kisahani kilichotangulia, upinde wa pengo hulingana na duara la kikataji. Nimelaza sarafu nzima juu ya pengo na upinde umekaa sawasawa. Lakini chini ya lenzi, ubavu wa pengo una mistari mifupi sambamba kama ya tupa, na rangi yake ni ya njano kuliko ubavu uliobaki. Nitaulinganisha na mapengo ya namba 9 na 31 kabla ya kuiandika kwenye orodha.