Sikio la yule bibi

Nimerudi sasa hivi kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Sauti imekauka lakini usingizi hauji, lazima niwasimulie.

Mnajua kazi yangu: nasimama peke yangu, bila ngoma wala kipaza sauti, nawatambia watu wazima ngano za Usukumani. Leo ilikuwa zamu ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!"

Waliitikia wavuvi, wauza dagaa, bodaboda waliozima pikipiki zao. Watu wazima kabisa!

Nikafika pale Masala, mtoto wa mama huyo, anapolipasua zimwi. Watu wanatoka hai, baba yake akiwemo. Lakini kisu kinakata sikio la bikizee mmoja, naye kwa hasira anataka kumroga aliyemwokoa.

Watoto huwa wanapapita hapo haraka. Leo mama mmoja, ndoo ya dagaa mapajani, akasema kwa sauti:

"Ana haki. Sikio ni lake."

Kimya.

Kisha ubishi ukawaka. Mzee mmoja anasema uhai kwanza, mwingine anauliza mbona bibi hakuombwa radhi. Nikaacha kusimulia, nikawasikiliza. Ndiyo maana nazipeleka ngano kwa wakubwa: wameshaokolewa, na wameshakatwa.

Baadaye sana nikamalizia: Masala akatafuta dawa, akamponya bibi, watu wakamfanya mtemi.

Haya ndugu zangu, bibi alikuwa na haki? Na kwenu wazee walikuwa wanaimaliziaje? Niandikieni.