Zombi mwenye kofia ya vito

Alhamisi usiku tulikaa watano kwenye daka la nyumba yetu, hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, dele la kahawa katikati. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimuliana hadithi na kurusha dadu, na mimi ndiye msimulizi. Kokwa sita za tende nilizipanga sakafuni kuwa zombi. Wenzangu walishawazoea, kwao zombi ni wa kufyeka tu, kama magugu.

Safari hii mmoja nikamweleza polepole. Anaburuta mguu. Kikoi kimekakamaa chumvi. Kichwani ana kofia ya vito, vile vitundu vya kudariziwa kwa mkono, upande mmoja haujamalizwa kushonwa.

Binamu yangu akaweka kikombe chini. "Huyo si nahodha aliyetuvusha?"

Ndiye. Wiki mbili nyuma, ndani ya hadithi, walingoja naye maji yajae huku akishona kofia hiyo ya arusi ya mwanawe.

Zombi wa kanuni za 2014 ana uhai 22, lakini kinachotisha ni kwamba hakubali kufa. Pigo likimfikisha sifuri, msimulizi humrushia dadu ya pande 20. Akifikia jumla ya 5 na madhara ya pigo lenyewe, anabaki na uhai 1. Ni nuru takatifu tu, au pigo ambalo dadu ya mpigaji imeangukia 20, linalomlaza papo hapo. Binamu alimpiga 7, kwa hiyo ilitakiwa 12. Dadu ikaonyesha 9, na zombi huongezewa 3. Akasimama. Akapigwa 4. Akasimama tena. Hakuna aliyetaka kurusha mara ya tatu.

Mimi nataka zombi achezwe hivyo. Neno lenyewe limetufikia kutoka Haiti, nchi ya mashamba ya watumwa, na hofu yake ni ya mtu ambaye hata kufa hakumpumzishi na kazi. Anayejua habari za msukule hahitaji kuelezwa. Na kanuni inasema aliyemfufua asiporudia uganga kila saa 24, zombi haitii tena amri yake. Yaani kuna mtu anayeamka kila siku akaamua kuendelea kumtumikisha nahodha wa watu. Huyo ndiye wa kutafutwa.

Kuna aliyeniomba hadithi niihamishie Takwa, kule kisiwa cha Manda, kwa kuwa ni magofu na pana kaburi la mnara. Nilikataa. Watu wa Shela bado huvuka kwenda kuomba mvua pale. Waliolala pale ni wazee wa watu, siwaingizi mchezoni.

Nahodha alilazwa na kuhani wetu, jirani yangu, kwa nuru. Alimwita kwanza, "Nahodha, pumzika," ndipo akarusha dadu.

Binamu akaiandika kofia kwenye karatasi yake, chini ya upanga. Alhamisi ijayo wanakwenda kumtafuta mwana wa nahodha, na ameshaniuliza kama vito vilivyobaki anaweza kuvishona yeye njiani.