Siku moja maishani mwangu: monita "zilizokufa" za Kariakoo

Saa 2:00 asubuhi

Kabla sijamaliza kufungua fremu, kijana ameshasimama mlangoni na monita kifuani. "Fundi, kioo kimekufa." Siku zangu nyingi huanza na msiba wa namna hii, na mara nyingi marehemu ni mzima kabisa. Ila yeye na kompyuta hawaelewani.

Laptopu yake ina tundu la picha la HDMI. Monita ni ya mtumba, ina matundu ya DisplayPort na VGA tu. Kanunua adapta, kachomeka, kila kitu kimeingia bila shida, lakini picha hakuna. Adapta zile za bei rahisi hupitisha picha upande mmoja tu: kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita. Ukizigeuza zinaingia vilevile, ila hazifanyi kazi, na dukani hakuna anayekwambia. Namuuzia adapta ya HDMI kwenda VGA, picha inatokea. Marehemu kafufuka.

Saa 4:00

Dada wa steshenari kawekewa kadi mpya ya picha, kioo cheusi. Kebo imeachwa kwenye tundu la zamani, la ubao mama. Naihamishia kwenye kadi. Hela sichukui, nachukua andazi.

Saa 5:30

Sasa kazi yenyewe. Mama mmoja mhasibu ana vioo viwili mezani ofisini kwake. Kimoja kimezimika, kingine maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango. Keshaambiwa anunue monita mpya.

"Shikamoo, mama. Ukiwasha, ile nembo ya kampuni inatokea kabla Windows haijafunguka?"

"Marahaba. Inatokea, mwanangu, tena safi."

Swali hilo linaniokolea nusu siku. Nembo huonekana kabla draiva, yaani programu ya Windows inayoendesha kadi ya picha, haijaanza kazi. Ikitokea vizuri halafu mambo yakaharibika, nashuku draiva kwanza. Isipotokea kabisa, kupiga Windows upya ni kujichosha. Angalia kebo, tundu, kitufe cha chanzo cha picha kwenye monita, na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo mara nyingine inahitaji tu kuchomolewa na kusuguliwa meno yake kwa ufutio.

Nafungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, chini ya Display adapters. Pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo ni draiva ya akiba: Windows huishika pale ya kadi yenyewe inapokosekana. Inakupa picha ya kukuvusha, si ya kufanyia kazi, na kioo cha pili usikitegemee.

Draiva mpya naishusha kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi na kuihifadhi kwenye fleshi. Kisha nachomoa intaneti, maana Windows ikiona pengo hukimbilia kujaza yenyewe katikati ya kazi. Naingia Safe Mode, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, lakini kwanza nahakikisha mama anao ufunguo wa BitLocker, ulinzi unaofunga mafaili ya diski. Mashine yenye ulinzi huo inaweza kuudai pale pale, na usipokuwa nao mafaili yanabaki ndani. Nafuta mabaki ya draiva ya zamani kwa programu ya DDU, nawasha upya, naweka mpya. Skrini inazima, inawaka, inazima tena. Mama anashika kichwa. Namwambia asubiri.

Vioo vyote viwili vinarudi.

Saa 9:00 alasiri

Ukumbi wa mikutano. Projekta inatoa picha ya nukta 800 kwa 600 tu, na wameshabadilisha draiva mpaka wamechoka. Nachomoa kebo ndefu ya VGA, natazama pini. Ya 12 na ya 15 hazipo.

VGA ni ya mwaka 1987, na mwanzoni kioo hakikuwa na namna ya kujieleza kwa undani. Utaratibu wa EDID ulikuja mwaka 1994: baiti 128 ambazo kioo hutuma kueleza ni cha nani na kinaweza ukubwa gani wa picha. Katika VGA, taarifa hizo hupita kwenye pini hizo mbili. Zikikosekana, kompyuta inabaki kukisia, na ikikisia haithubutu kwenda juu. Draiva hapo haina kosa lolote. Naleta kebo yenye pini kamili, picha inakaa sawa, na msimamizi ananitazama kana kwamba nimemficha kitu.

Saa 11:00 jioni

Shemeji anapiga simu kutoka Moshi: laptopu ilikuwa imelala, kaifungua, giza. Namwambia abonyeze kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha inaanza upya bila kuzima mashine, na kazi aliyofungua haipotei. "Imelia tii! Imewaka!" Anakata simu bila kuaga.

Saa 12:00

Mhasibu kapiga. Nikidhani ni malipo, kumbe ni bei. "Hujabadilisha hata waya, unanidai nini?" Namkumbusha bei ya monita aliyoambiwa anunue. Anacheka, anapunguza kidogo, nakubali. Halafu analalamika kipanya kinatokea upande usio wake. Namwelekeza kwenye Display settings, avute kisanduku cha 2 akiweke kushoto kwa cha 1, abonyeze Apply.

"Hiyo nayo unanidai?"

"Hiyo nyongeza, mama."

Pesa inaingia kwenye simu kabla sijafunga fremu.