Wikiendi ya Ozarks na watani wawili wa bastola

Tumevuka Red River kuingia Oklahoma ubishi wa mchezo gani wa bastola ni bora, IDPA au USPSA, bado haujaisha, na ulianza hata kabla hatujaweka mafuta pale Dallas. Anaendesha jamaa yangu wa Tanga, pembeni kakaa baba mkwe wake, mzungu wa Texas, fundi umeme mstaafu, mi nimebanwa nyuma na boksi la barafu na pakiti za korosho. Bastola ziko kwenye buti, zimefungwa, risasi kwenye boksi lake. Mpango wa wikiendi ni hivi, Jumamosi mashindano ya IDPA kaskazini magharibi mwa Arkansas kwenye milima ya Ozarks, ambako ni uwanja wa baba mkwe, af Jumapili tunapanda Missouri kwenye USPSA, ambako jamaa yangu ndo mwenyeji. Kila mmoja kakubali kwenda kuaibika kwa mwenzake. Mimi sipigi, mimi ni mbeba mizigo na shahidi.

Kwa asiyejua, hizi zote ni michezo ya bastola ya vitendo. Hausimami sehemu moja ukapiga duara kwa utulivu kama Olimpiki, unachomoa kwenye holsta, ule mfuko wa bastola kiunoni, unatembea, unakimbia, unapita kwenye vikuta vya mbao, unapiga tageti za kadibodi na vyuma, na kuna mtu nyuma yako kashika taima inayosikia kila mlio. Kila sehemu moja ya kupita hivyo wanaiita steji. USPSA ilianza kama tawi la Marekani la IPSC, ile ya dunia nzima. IDPA ni nyingine, ilianza 1996. Ukiwaangalia kwa mbali unasema hawa si wanafanya kitu kimoja? Nilisema hivyo tukiwa maeneo ya McAlester, wote wawili wakageuka kuniangalia, na mmoja ndo alikuwa anaendesha.

Kilichonifurahisha mimi ni huo utani wenyewe. Kwetu baba mkwe ni mtu wa kumheshimu mpaka unakosa pa kuweka macho, hata kumaliza chakula sahani nzima mbele yake unafikiria mara mbili, na nilishamwona huyu huyu jamaa Tanga akimwamkia mjomba wa mkewe akiwa kainama kabisa. Sasa ndani ya gari anamwambia mzee, "Baba, nyie mnavaa koti la kuvulia samaki mwezi wa saba, joto la kufa mtu, eti mnaficha bastola ambayo kila aliyepo uwanjani anajua mnayo." Mzee hacheki, anatafuna korosho, anajibu taratibu, "Na nyie mnasimama katikati ya uwanja peupe mnamwaga risasi 32, ingekuwa tageti zinarudisha ungeshamwacha binti yangu mjane steji ya kwanza." Mambo ya Wasukuma na Wazaramo kabisa. Wanatukanana wiki nzima ila siku ya shughuli wanahudumiana, nitaeleza.

Tulipopita Muskogee na kushika barabara ya 412 kwenda mashariki mzee akaanza historia, na historia anaijua. Kwamba yote haya yalianzia California miaka ya 50 na Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marines, kule Big Bear milimani. Watu walikuwa wanapiga kwa mkono mmoja, bastola ikiwa kiunoni, kama kwenye sinema za cowboy, mpaka akatokea askari wa Los Angeles anaitwa Jack Weaver ambaye aliinua bastola usawa wa macho, akaishika kwa mikono miwili, akalenga kwa utulivu na akawashinda wale wa haraka. Leo ukimwona mtu anashika bastola kwa mkono mmoja kiunoni unamcheka, ila kipindi hicho yeye Weaver ndo alionekana wa ajabu. Mwaka 1976 wakakutana Columbia, Missouri, watu wa nchi mbalimbali, wakaunda IPSC na Cooper akawa rais wa kwanza. Kauli mbiu yao ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, usahihi, nguvu na kasi, vitatu vikae mizani moja.

"Af wenzenu mkabaki na kasi tu," mzee akamalizia. Maelezo yake ni kwamba bastola za IPSC zilianza kubadilika, zikawekwa vipunguza mtikisiko mbele, darubini za doti nyekundu, magazini ndefu za kubebea risasi, mpaka ikawa mashindano ya nani ana fundi mzuri, bastola ambayo huwezi kuibeba mtaani hata siku moja. Ndo wakina Bill Wilson, Ken Hackathorn na Larry Vickers na wenzao wakaanzisha IDPA, bastola ya kawaida, ibebwe imefichwa, upige ukiwa umejikinga. Jamaa yangu hakumwacha apumue, "Sasa Hackathorn si alikuwepo hata kwenye kuanzisha IPSC? Kwahiyo nyie ni watoto wetu mliotoroka nyumbani." Mzee akafungua dirisha.

Jumamosi asubuhi renji ilikuwa na ukungu, udongo mwekundu, vibanda vya bati, na wazee wengi sana wenye vizibao vya mifuko mingi, yaani ile hadithi ya koti la kuvulia samaki sio uzushi. Mfukoni upande mmoja wanaweka kitu kizito kidogo ili kizibao kiruke vizuri ukikifagia nyuma kuchomoa bastola, mzee wangu anaweka mkebe mdogo wa vidonge vya koo umejaa chembe za risasi. Kila steji inaanza na hadithi, uko ATM, uko kwenye gari, umebeba mtoto ambaye ni mdoli amechakaa hadi pua hana, af wanatokea majambazi. Mwisho risasi 18 zinazotakiwa kwa steji, hazizidi. Na sheria za kujikinga ni kali, unachungulia kona kipande kwa kipande, tageti unayoiona kwanza unaimaliza kwanza, mguu ukivuka mstari pale chini ni sekunde 3 za adhabu.

Hapo ndo jamaa yangu alipokwama. Mtu kazoea kukimbia. Steji ya pili katoka mlangoni kwa spidi, kapiga tageti tatu ambazo alitakiwa ajibanze ndo azipige, anabadilisha magazini huku anakimbia na ile ya zamani kaiacha ianguke chini ikiwa bado ina risasi, kitu ambacho kwa IDPA ni kosa kwasababu wanasema mtaani huwezi kutupa risasi zako. Mwamuzi anahesabu adhabu kwa vidole, mzee kasimama kando kakunja mikono, anaangalia mawingu. Anayekimbilia kuziba matundu ya tageti kwa stika ni nani? Baba mkwe mwenyewe. Anaziba, anaokota magazini yenye matope, anaipangusa kwenye suruali yake, anamrudishia mkwe wake kwa mikono miwili. "Umedondosha zawadi," anasema.

Steji ya mwisho sikuitarajia. Mwamuzi akasema tageti hizi zote zinapigwa Mozambique. Mi nikashtuka, mtu wa Mtwara mimi, Msumbiji naijua ni ng'ambo ya Ruvuma, inaingiaje Arkansas? Kumbe ndo jina la mtindo, mbili kifuani moja kichwani. Mzee akanisimulia kama Cooper alivyoisimulia, kwamba mamluki mmoja wa Rhodesia, Mike Rousseau, alikuwa uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, wakati wa vita vya Msumbiji, akakutana na mpiganaji ana AK, akampiga mbili kifuani, jamaa akaendelea kuja, ndo akalenga kichwa. Nikamuuliza mzee, unajua huyo aliyekuwa anakuja ni nani? Hajui. Nikamwambia hao ni FRELIMO, chama chao kiliundwa Dar es Salaam 1962, na kambi yao ilikuwa Nachingwea, wazee wetu wamekula nao sahani moja. Miaka yote hiyo anapiga Mozambique kila wiki na nchi yenyewe haijui ilipo, nikamwonyesha kwenye ramani ya simu, akaisogeza na kidole mpaka akaiona Mtwara, akauliza maswali mengi mpaka mwamuzi akamwita jina mara mbili. Jamaa yangu ananinong'oneza, "We kaka usimjaze siasa, ngoja kwanza apige." Alipiga, zote zikaingia katikati. Sikujua nifurahi au vipi.

Mchana tukapita Eureka Springs, barabara inajikunja kama ya Lushoto, tukatokea Berryville. Kamji kadogo, lakini kwa mzee ni kama hija, maana ndiko iliko kampuni ya Bill Wilson, Wilson Combat. Pale kuna makumbusho ya Saunders, mzee mmoja aliyekusanya bastola za kila aina maisha yake yote akaiachia mji wake, wanasema zimo za Pancho Villa na Jesse James. Tulikaa kidogo, kwa mimi bastola ya mia ilishafanana na ya kwanza. Tukapanda Branson, tukalala Springfield.

Jumapili tukashika njia ya Lebanon, Camdenton, tukapita lile ziwa la Ozarks hadi Jefferson City na kupanda kuelekea Columbia. Mzee alitaka tu apite mji ilipozaliwa IPSC, hata kama ni ya watani. Na ana sababu yake nyingine, maana karibu na hapo, Hallsville, ndiko Ray Chapman aliposhirikiana na mtengeneza holsta John Bianchi kuanzisha Bianchi Cup mwaka 1979, risasi 192, pointi 1920 ukipata zote, na ilichukua mpaka 1990 ndo Doug Koenig akapata zote. Usahihi wa namna hiyo ndo mzee anaulilia.

Renji ya USPSA ni dunia nyingine. Jezi za rangi kali zina majina ya wadhamini mgongoni, mikanda migumu ina magazini zimepangwa mbele, bastola nyingine bei yake unanunua bodaboda kadhaa. Kabla ya steji wanapewa dakika chache za kukagua, wanatembea humo ndani wamenyoosha vidole hewani wanapiga tageti za kufikirika, watu wazima kumi wanapishana wanahesabu kimoyomoyo. Hakuna hadithi ya ATM. Unaambiwa anzia hapa, tageti zote ukiziona piga, ukimaliza simama. Njia utaitafuta mwenyewe, na hapo ndo kuna akili yao, nilianza kuwaelewa, maana jamaa yangu alikaa kwenye ile steji kama mtu anayecheza bao, anapanga wapi atabadilisha magazini, wapi atapiga akiwa anatembea, wapi asisimame kabisa.

Kinachowagombanisha hasa kipo kwenye hesabu, na nimekielewa siku hiyo. Chukua steji ya risasi 12. Mzee anapiga sekunde 10, zote katikati, A tupu, tano kila moja, pointi 60. Mkwe anapiga sekunde 8, tisa ni A na tatu zimetoka kidogo zikaangukia C, ambayo kwa risasi za nguvu ndogo ni pointi 3, jumla 54. USPSA wanagawa pointi kwa sekunde, mzee anapata 6, mkwe 6.75, mkwe kashinda. Sasa peleka risasi hizo hizo IDPA, ambako tangu 2017 kila pointi unayopoteza unaongezewa sekunde nzima. Tageti zao hazifanani kabisa, ila tuseme zile tatu zimetoka kidogo, kila moja sekunde 1, mzee anabaki na 10, mkwe anakuwa na 11. Watu ni wale wale, matundu ni yale yale, mshindi kabadilika. Kabla ya 2017 IDPA ilikuwa nusu sekunde tu kwa pointi, kwahiyo kwa mfano huu mkwe angeshinda hata huko, na alimkumbusha mzee hilo kwa sauti kubwa mbele ya kikosi kizima.

Mzee alikuwa wa chini chini kwenye orodha, ingawa A zake zilikuwa nyingi mpaka vijana wa jezi wakaja kuangalia kadibodi. Kila akifika kwenye kona anajibanza, mazoea hayo, hakuna anayemwomba. Kijana mmoja akamwambia mzee toka tu, hakuna anayekupiga. Na mkwe ndo alikuwa anakimbia kumzibia matundu, anambebea begi, anamfungulia maji.

Nikadhani ubishi umeisha, kumbe pembeni kulikuwa na uwanja wa vyuma, Steel Challenge, mchezo wa wenzao wa California ulioanza 1981. Humo karibu steji zote hamna kukimbia wala kujibanza, unasimama kwenye kiboksi unapiga vyuma vitano, cha mwisho ndo kinasimamisha saa, unarudia raundi tano, mbaya kuliko zote inafutwa. Wanakaribisha mtu yeyote. Steji ya Smoke & Hope, vyuma vinne vikubwa na kimoja cha duara. Watani wangu wakajipanga wote wawili, wamejaa maringo, af mbele yao kuna binti wa shule, meno ya chuma, kashika bastola ndogo ya .22. Ti ti ti ti ta. Chini ya sekunde 2. Karudia, tena chini ya 2. Jamaa yangu akatoka na 3 na kidogo kwasababu alikosa chuma cha mwisho mara mbili, mzee akapiga vyote bila kukosa ila taratibu, karibu sekunde 4.

Kuanzia Columbia mpaka tunaingia Oklahoma usiku sikusikia tena habari ya vizibao wala jezi. Wamekuwa kitu kimoja, baba na mwana, wananielezea mimi niliyesinzia nyuma kwamba .22 haina mtikisiko, kwamba ukiwa na .22 hata hauchomoi kwenye holsta, unaanzia imeshikwa mkononi imeelekezwa chini, kwamba ule sio mchezo wa bastola ni mchezo wa kupiga kengele. Mzee akasema mwezi ujao wataazima .22 ya jirani wakamtafute yule mtoto.